Sikio na Kichaka cha Wachanga

Sechelela Mwaluko alikiona Kichaka cha Wachanga kimegeuka chekundu kwenye ramani ya jiji, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kugugumia chai iliyokuwa bado inaunguza. Chekundu maana yake kimya. Kimya maana yake hakuna binadamu aliyekanyaga pale tangu msimu uanze, na mahali pasipokanyagwa mpaka msimu uishe panakatwa viwanja, tingatinga linaingia, watu wanajenga. Kanuni ilikuwa fupi na haikuwa na mlango wa nyuma. Aliyeiandika ni yeye mwenyewe, tena kwa mbwembwe.

Msimlaumu haraka. Dodoma waliyorithi watu wa kizazi chake ilikuwa mji wa joto na vumbi, na sababu haikuwa uhaba wa akili za waliotangulia. Wapangaji wa zamani, enzi za babu wa babu yake, walichora mji wa kupumua: mikanda ya kijani ikikata katikati ya makazi, viwanja vya watoto, miti ya kuzuia upepo. Kwenye karatasi ilipendeza. Halafu kila bosi aliyepita akamega kona yake. Mmoja alimpa shemeji, mwingine akawapa watu wa dhehebu lake, wa tatu hakutaka kusumbua watu, akajimegea mwenyewe na kujenga baa. Ramani ikawa inasema bustani, ukienda unakuta gereji. Na wananchi wakijitokeza kutetea kipande kilichobaki wanaulizwa swali lile lile: mbona hapatumiki, mbona pamejaa vibaka tu? Hawana cha kuonyesha. Wanarudi nyumbani.

Ndipo Sechelela na wenzake wakaleta Sikio. Ni vijiti vya udongo wa kuchoma vyenye nyuzi za shaba ndani, vinafukiwa ardhini katika kila eneo la kijani, na vinasikia uzito wa unyayo. Mtoto akikimbiza mpira, Sikio linasikia. Bibi akikaa na kuinuka, linasikia. Mbuzi akipita linamjua kuwa ni mbuzi na kuachana naye. Penye nyayo za watu pakawa hapaguswi hata na waziri, kwa kuwa Sikio halina shemeji na halikai mezani na mtu kula nyama choma. Jamani, lilifanya kazi. Viwanja vya mpira vilivyokuwa vimeshauzwa vikarudi kwa watoto. Gereji zikahama. Sechelela akawa mtu wa kualikwa miji ya watu akaeleze namna walivyofanya, na akawa anaeleza vizuri kweli.

Asubuhi ile Chidawali, mkuu wa Idara ya Uoto na mtu aliyemlea kikazi, alipitisha kalamu yake juu ya ramani ukutani, akafika kwenye lile doa jekundu la upande wa kusini, karibu na mashamba ya zabibu, ambako Sikio lilifika msimu huu tu. Aliuliza kama kuna mwenye neno. Alisubiri, maana ni mtu mwungwana, hana papara.

Sechelela alikuwa na neno. Alikuwa nalo mdomoni kabisa. Kile kichaka alikijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Lakini alikumbuka pia watu waliowahi kusimama mbele ya meza ile ile, misimu iliyopita, wakisema sehemu yao haina nyayo kwa sababu wanaiheshimu. Aliwajibu yeye, tena kwa upole wa kukera, kwamba heshima haina uzito na Sikio linapima uzito. Maeneo yao yalikwenda. Sasa asimame aseme kichaka cha kwao kisamehewe? Wangemcheka. Wangesema anabeba watu wa kwao, na wangekuwa na haki. Na wale wa zamani nao wangerudi kudai maelezo, kila mmoja na kwake.

Basi akanyamaza. Chidawali akasogeza kalamu mbele.

*

Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa mama yake, Edina, akamkuta ukumbini anachambua mlenda kwenye ungo. Mama alifurahi kumwona, akamsalimia kwa Kigogo, akamuuliza kuhusu kazi, kuhusu kifua kilichokuwa kinamsumbua, na lini ataacha kukonda. Sechelela alijibu yote hayo huku akitafuta pa kuanzia, na kila alipopata pa kuanzia aliona hapafai.

Kichaka kile kilianza miaka ya kiangazi kirefu, kabla yeye hajazaliwa, maji yalipokuwa yanagawiwa kwa kikombe na vichanga vilipokuwa vinakufa kabla hata havijazoea majina yao. Akina mama wa mtaa ule walizika wachanga wao pale, na juu ya kila mmoja wakapanda mche wa mkwaju, yote kutoka kitalu kimoja. Waliinywesha kwa maji ya mgao wao wenyewe. Wa mwisho alipozikwa walikubaliana, bila mchungaji wala diwani kuwaambia, kwamba hakuna atakayetia mguu mle tena. Mtoto aliyelala hapitiwi kichwani. Kila mama aliweka jiwe lake ukingoni, na kutoka kwenye jiwe lile aliangalia moja kwa moja mpaka kwenye mti wake. Hapo ndipo anaposimama, anasema "mbukwenyi", yaani salamu kwenu nyote, anamwaga maji kwenye mfereji unaoingia ndani, anaondoka. Watoto waliozaliwa baadaye walifundishwa hivyo hivyo. Mpira ukiingia mle umeingia, unatafutwa mwingine.

Na kwa sababu hiyo pakawa pazuri kuliko bustani yoyote ya jiji. Kanga walitaga mle. Hewa yake ilifika mpaka barabarani. Sechelela mwenye macho ya kitaalamu alijua kwamba hapakuwa na eneo lililohifadhiwa vizuri kama lile toka mji uchorwe, na lilihifadhiwa na wanawake waliosimama nje tu.

Wa kwao aliitwa Nyemo. Alikuwa kaka yake.

Alieleza. Alieleza habari ya Sikio, habari ya msimu kuisha, habari ya tingatinga. Halafu akatoa shauri lake, lile alilokuja nalo toka ofisini: akina mama waingie. Watembee mle ndani kila jioni mpaka msimu uishe. Sikio litasikia nyayo, kichaka kitakuwa cha kijani, hakuna atakayekigusa tena milele. Ni siku chache tu, mama, kisha yataisha.

Edina aliendelea kuchambua mlenda. Aliuliza hiyo mashine si ni ya kina Sechelela? Kwa nini asiende kuiambia? Sechelela akasema haiambiwi kitu, na huo ndio uzuri wake. Basi aende akawaambie wenzake, mama akasema, awaambie pale pana watu wamelala. Watu wazima wenye wazazi watashindwaje kuelewa jambo dogo kama hilo? Hapo Sechelela ikambidi ataje wale wengine, wale aliowafukuza mezani, na akaona jinsi uso wa mama unavyobadilika polepole.

"Kwa hiyo unaona aibu," Edina akasema.

"Si aibu, mama. Ni kanuni."

"Seche. Mimi nimezaa watoto wawili. Mmoja yuko kule. Mwingine amekaa mbele yangu ananiambia nikamkanyage mwenzake."

Sechelela alitaka kulia akashindwa, maana alijua hana haki ya kulia mbele ya yule mama. Alisema tu kwamba ni nyayo zao au tingatinga, hakuna la tatu. La tatu lilikuwepo na alilijua vizuri. La tatu lilikuwa yeye kusimama mbele ya Chidawali na kukubali kwamba kanuni yake ina tundu, na kwamba kwenye tundu hilo yameshatumbukia maeneo ya watu. Hilo hakulisema. Mtu mzima, msomi, na alikaa pale kwenye mkeka akimwacha mama yake achague kati ya mawili.

Edina aliinuka na ungo wake. Alisema atakwenda kuongea na jirani yake Perusi na akina mama wengine, wala Sechelela asimfuate. Maneno kama yale yasikike kutoka kwa mtu aliyezika.

*

Akina mama walikuja kichakani jioni, jua likiwa bado linachoma. Wengi walikuwa wameshazeeka. Perusi, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, alikuja na kitenge chake cha misibani. Wawili walifika mpaka kwenye mawe yao, wakasimama, wakageuka wakarudi nyumbani, na hakuna aliyewaita. Waliobaki walivua ndala wakazipanga ukingoni vizuri, kama mlangoni kwa mkwe. Perusi alisema "mbukwenyi" kwa sauti ya chini, halafu akaomba radhi, halafu akaingia.

Waliingia kwa ncha za vidole. Waliweka mguu mmoja, wakasubiri, wakaweka mwingine, wakishikilia vitenge visiburuze majani. Walikuwa wanajua kutembea hivyo. Ni mwendo wa mama aliyembembeleza mtoto kwa taabu, akalala hatimaye, na sasa anatoka chumbani bila kuigusa sakafu.

Sechelela alibaki ukingoni na kishikwambi mkononi, akiangalia ramani. Doa lilikuwa jekundu. Alisubiri. Wanawake walikuwa wameshafika katikati, anaiona migongo yao kati ya matawi, na doa bado ni jekundu. Alifikiri kifaa kina hitilafu, akakizima akakiwasha. Ndipo akaelewa. Sikio halikuwa na kosa lolote. Lilitengenezwa lipuuze kanga na panya na majani yanayodondoka, na wanawake hawa walikuwa wanatembea kwa wepesi wa majani.

Hebu jiweke mahali pake. Angeweza kuwaita watoke, akaenda kesho ofisini akafanya lile la tatu. Dakika ile ilikuwepo, ilikuwa yake, na hakuna aliyekuwa anamkimbiza. Badala yake aliingia. Aliingia na viatu vyake vya kazi, vile vya soli nene, akasikia matawi yanavunjika chini yake. Alimfikia mama yake akamshika kiwiko.

"Mama, haisikii. Itabidi mvae viatu. Mkanyage kwa nguvu kidogo."

Edina alimwangalia kana kwamba anasemeshwa na mgeni asiyemfahamu. Aliwageukia wenzake, akawaambia kwa Kigogo, kwa maneno mawili matatu, na Sechelela alishukuru kwamba majani yalikuwa yanachakacha na hakusikia yote. Wanawake walirudi ukingoni, wakavaa ndala, wakaingia tena. Perusi ndiye aliyeanza kupiga miguu chini. Alianza kuimba pia, pambio la kanisani, labda ili miguu ipate sababu, na wengine wakadakia. Wanawake wazima wakatwanga ardhi ile kwa ndala, wengine wakilia huku wanaimba. Kishikwambi kikatoa mlio. Doa likawa la njano.

Walipotoka, Edina hakutoka. Sechelela alimrudia akamkuta anazunguka kati ya mikwaju, anagusa shina moja, anakwenda kwenye lingine, anarudi. Alimuuliza anatafuta nini. Mama akasema hauoni mti wa Nyemo. Miaka yote ameuona mti wake kutoka kwenye jiwe, kwa upande mmoja tu, na sasa akiwa mle ndani mikwaju yote ni mikwaju. Alikuwa anasema kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyeweka ufunguo mahali akasahau. Alisema amekanyaga huku na huku na hajui alikokanyaga.

Sechelela alimwambia warudi kwenye jiwe, waangalie kutoka pale, watauona tu. Wakarudi. Edina alisimama kwenye jiwe lake, akaangalia. Matawi yaliyovunjika yalikuwa yamefungua upenyo mpya, na nyuma ya mkwaju mmoja ikaonekana mingine ambayo hakuwahi kuiona. Alisimama sana. Mwishowe alisema twende nyumbani, ugali utapoa, wakati hakuna aliyekuwa amepika.

*

Kichaka kilikuwa cha kijani msimu ulipoisha. Kilikuwa cha kijani kuliko vyote, kwa sababu akina mama walishika neno lao wakatembea kila jioni, na kwa sababu watu waliowaona wakiingia walidhani marufuku imekwisha. Vijana wakaleta magoli. Wapenzi wakapata kivuli. Mfumo ulipoona nyayo zile zote ukafanya ulivyofundishwa na Sechelela: ukatenga mabenchi, taa, na njia ya zege kupita katikati. Kanga walihamia sijui wapi. Edina aliacha kwenda. Alipoulizwa alisema magoti yanamsumbua, na jioni ile ile akaonekana sokoni akitembea vizuri tu.

Sechelela alikuwa akimtembelea kila Jumapili. Walikuwa wanakula, wanaongea habari za majirani, wanaagana vizuri. Mama hakumkaripia hata siku moja, na hicho ndicho kilichomnyima usingizi. Alitamani atukanwe. Alipita mbele ya kile kichaka akirudi, akaona miti yote imesimama, haukukatwa hata mmoja, na akashindwa kujiambia kwamba ameokoa kitu.

Kisha ukaja mkutano wa hadhara wa msimu mpya. Chidawali aliwaalika akina mama wa Wachanga wapigiwe makofi, nao wakaja kwa adabu, wakakaa safu ya nyuma na vitenge vyao, Edina pembeni mwa Perusi. Sechelela alikaa mbele, upande wa wataalamu.

Aliyesimama kuuliza alikuwa mtu wa Chimbwi, kitongoji cha vilimani ambacho jiji lilikuwa limekifikia juzijuzi. Aliitwa Yohana Mlimila, mwalimu wa kwaya, mtu mrefu mwenye kukunja kofia yake mikononi. Alisema kwao kuna chemchemi, na juu ya chemchemi kuna mteremko ambao hakuna anayeukanyaga, toka kwa wazee wao. Udongo wa pale ni mlaini, umevimba, unakunywa mvua yote na kuitoa taratibu kiangazi kizima. Ukikanyagwa unashikana, maji yanateleza juu yanapotea. Sasa wameambiwa mteremko ni mwekundu na utakatwa viwanja. Alikuwa anaomba kujua kama Sikio lina namna ya kusikia watu wasiopita mahali kwa makusudi.

Lilikuwa swali zuri, na Chidawali alilijibu kwa moyo mweupe kabisa. Alisema anaelewa. Alisema hata hapa mjini kuna akina mama waliozika watoto wao mahali na hawakuingia miaka yote, na walipoelezwa umuhimu wake wakaingia, kwa hiari yao, na leo eneo lao linaongoza jiji zima. Wako pale nyuma. Watu wakageuka wakapiga makofi. Kisha akamgeukia Sechelela, akasema mtaalamu wetu alikuwepo siku ile, si ndivyo ilivyokuwa?

Sechelela alisimama. Alijua hesabu yote. Akisema jinsi ilivyokuwa, nyayo za Wachanga zitaitwa nyayo za kughushi, zitafutwa, na kichaka kitarudi kuwa chekundu na msimu wake umeshapita. Mama atakuwa amemkanyaga mwanawe bure, na tingatinga bado litakuja. Akisema ndivyo, mteremko wa Chimbwi utapigwa na miguu ya watu mpaka chemchemi ikauke. Alimtafuta mama yake kwa macho. Edina alikuwa anamwangalia, mikono mapajani, na usoni hapakuwa na ombi lolote, wala la huku wala la kule. Alikuwa anasubiri tu kuona mtoto aliyebaki naye ni mtu wa namna gani.

"Ndivyo ilivyokuwa," Sechelela akasema. "Waliingia wenyewe."

Perusi aliinamisha kichwa. Edina hakuinamisha. Alifunga kitenge chake vizuri, akainuka, akapita katikati ya safu akiwaomba radhi watu wasogeze magoti, akatoka nje, na mlango ukajifunga wenyewe.

Yohana Mlimila alikuwa bado amesimama. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alisema kama akina mama wale waliweza, basi watu wa Chimbwi ni nani wakatae, akamshukuru Sechelela kwa kumwinamia kidogo, kama wafanyavyo watu wa kwao kwa mtu wanayemwamini.

"Ila itabidi uje utuonyeshe, dada," akasema. "Kule kwetu hakuna hata mmoja anayejua pa kuanzia kukanyaga."

Sechelela akamwambia atakuja Jumatatu.